Siku ine mu Bruxelles: shaba yetu iko pale, majina yetu iko wapi?



Tangu turudie kutoka Bulaya, hakuna siku inapita bila mtu kutusimamisha mu njia: "Delege, mulituletea nini?" Koti hatukuleta, simu hatukuleta. Franga ya seminere ilikuwa ya kula na ya kulala tu. Lakini macho yalijaa, na leo tunafungua mzigo mbele yenu, kila mtu achukue fungu lake.

Tulikuwa wane: wawili wa Lubumbashi, baba mmoja wa Likasi na mama mmoja wa Kolwezi. Wenzetu wa sendika za Ubelgiji walituita kwa seminere juu ya usalama kazini. Seminere ilimalizika Siku ya Tatu jioni, na ndege yetu ilikuwa Siku ya Kwanza. Katikati tulibaki na siku ine za bure mu muji ambao wazee wetu walisikia jina lake maisha yao yote, kwa sababu amri zote za kazi zilitoka kule, lakini karibu wote walikufa bila kuuona.

Daraja ya siku ine

Juu ya nini siku ine? Ile Siku ya Ine ilikuwa sikukuu ya Ascension, Bwana Yesu kupaa mbinguni, na mu Ubelgiji siku ile hakuna kazi. Sasa Siku ya Tano inabaki peke yake, kama jino moja mu kinywa cha mzee. Wafanyakazi wengi wanaomba konji ya siku ile moja, na pale wanapata siku ine mfululizo. Wanaita vile "faire le pont", kujenga daraja. Tuliona familia nzima-nzima mu gare, baba, mama, watoto na kinga zao, wanaenda ku bahari.

Tulimuuliza mzee wa sendika aliyetutembeza: patron anakubali tu vile? Akacheka. Akatueleza kama konji ya kulipwa haikuanguka toka mbinguni. Mu mwezi wa 6 wa 1936, mgomo ulianzia kwa watu wa bandari ya Anvers, ukaingia mu migodi ya makaa na mu viwanda, nchi ikasimama. Tarehe 8 mwezi wa 7 mwaka ule ule, sheria ikatoka: wafanyakazi wakapata haki ya siku 6 za konji kwa mwaka, na mshahara unaendelea. Siku 6 ni kidogo, lakini njo mlango ulifunguka pale. Zile zingine zilikuja nyuma, moja moja, na kila moja ilidaiwa.

Tunaandika neno hili mbele ya kusema juu ya minara na masanamu, kwa sababu kwetu wengi wanadhani konji ni zawadi. Code du travail yetu, ya 2002, inasema mfanyakazi mkubwa anapata angalau siku 1 ya kazi ya konji kwa kila mwezi mzima alioutumika, na hesabu inapanda na miaka ya kazi. Ni wangapi kati yetu, zaidi wale wa sous-traitance, wamekaa miaka bila kuichukua, juu ya kuogopa kama wakirudi watakuta mtu mwingine mu kaske yao? Mwili wa mtu si mashine. Hata mashine, mécanicien anaisimamisha na kutia mafuta.

Siku ya Ine: nyumba za mafundi

Tulianzia fasi kila mgeni anaanzia: Grand-Place. Ni kiwanja cha mawe, si kikubwa sana, nyumba ndefu nyembamba zimekizunguka, na zahabu imepakwa juu ya kuta zake. Upande mmoja iko Hôtel de Ville, nyumba ya muji, mnara wake unapanda mita 96, na juu kabisa malaika Mikaeli anakanyaga shetani. Mu 1695 askari wa mfalme wa Ufaransa walipiga muji na mizinga, karibu kiwanja chote kikaungua. Watu wa Bruxelles wakajenga tena kwa miaka michache tu.

Na nani alijenga? Hapa njo sisi watu wa sendika tulifungua masikio. Nyumba nyingi za pale hazikuwa za wakubwa wa serkali. Zilikuwa za vyama vya mafundi: wapika mikate, wapika pombe, wachinjaji, watu wa mashua, washona nguo. Kila chama kiliweka alama yake juu ya mlango. Zamani zile fundi peke yake alikuwa mtu mdogo, lakini chama chake kilikuwa na nyumba mbele ya nyumba ya muji, madirisha yakiangaliana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Moja ya nyumba zile inaitwa Le Cygne. Ilikuwa nyumba ya wachinjaji, kisha ikawa fasi ya kunywa. Ndani yake, mu 1885, wafanyakazi walikusanyika wakaanzisha Parti ouvrier belge, chama cha wafanyakazi cha Ubelgiji. Leo watalii wanapiga foto mbele yake bila kujua. Sisi pia tulipiga, lakini tulijua.

Kutoka pale ni kutembea kidogo tu mpaka kwa Manneken Pis, yule mtoto anayekojoa mayi mchana na usiku. Wandugu, tusiwadanganye: ni kadogo! Hakafiki hata mita moja. Watu walijaa mbele yake na simu mikononi. Mama wa Kolwezi akaangalia, akauliza: "Njo huyu tu?" Wakatuambia ni wa tangu 1619, na kama ana manguo zaidi ya 1 000, zawadi za nchi na vyama vya dunia nzima. Mama akajibu: "Mutoto mumoja, manguo elfu. Kwetu watoto saba, manguo ya masomo mbili." Tukacheka, kisha tukanyamaza.

Nyuma ya saa sita tulipanda upande wa juu wa muji. Tuliona Palais de Justice, nyumba kubwa ya kutisha. Ilimalizika mu 1883, na kuanzia miaka ya 1980, kwa miaka mingi, ilizungukwa na vyuma vya mafundi wa kutengeneza. Vyuma vyenyewe vilizeeka mpaka vikaomba kutengenezwa. Baba wa Likasi akasema: "Aksanti Mungu, basi si kwetu tu chantier haiishake."

Sanamu ya farasi

Sasa tufike fasi iliyotuletea joto mu kifua. Nyuma ya jumba la mfalme iko kiwanja kinaitwa Place du Trône. Pale mfalme Léopold II amekaa juu ya farasi, mkubwa, wa rangi ya kijani kama vile shaba inakuwa kijani ikipata mvua miaka mingi. Sanamu iliwekwa mu 1926. Mu 2020, wakati vijana wa dunia nzima walitoka mu njia juu ya ubaguzi, watu waliipaka rangi nyekundu.

Wengi wanapita na magari bila kusimama. Lakini ukikaribia, utakuta maandishi. Yanasema kama shaba na étain ya sanamu hii vilitoka mu Congo belge, na vilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga.

Bure. Tulisoma mara mbili. Mwenzetu mmoja wa Lubumbashi, ambaye nkambo wake aliingia Union Minière akiwa kijana, alikaa pale na hakusema neno.

Tukumbuke 1926 ilikuwa wakati gani. Kampuni ilizaliwa mu Bruxelles mu 1906, na fourneau ya Lubumbashi ilitoa shaba ya kwanza mu 1911. Katika miaka ya 1920 watu waliletwa kutoka mbali, Kasai, Lomami, Rwanda-Urundi, Rodezia ya Kaskazini, kwa kontra fupi, wakalala mu kambi na kula posho ya kupimwa. Magonjwa yaliua wengi. Njo wale walivunja jiwe, wakabeba, wakayeyusha. Kisha kampuni ikaandika juu ya ukuta: tumetoa bure. Hakuna neno moja juu ya mikono iliyochimba.

Hatukuja kuvunja sanamu ya mtu. Watu wa Ubelgiji wenyewe wanabishana kama iondolewe au ibaki na maelezo. Sisi tunasema tu: kama inabaki, hesabu iandikwe yote. Shaba ile haikuwa ya bure. Ililipwa, lakini si na yule aliyeandika.

Siku ya Tano: watu 262

Siku ya pili wenzetu waliuliza: mnataka magazini ao mnataka kuona mgodi? Mnajua jibu. Tulipanda treni, karibu saa moja, mpaka Charleroi. Kutoka dirishani tuliona vilima vyenye ncha, vimeota miti. Baba wa Likasi akasema, "Terril!" Kweli, ni terril, kama ile ya Lubumbashi karibu na cheminée, lakini ni ya makaa ya mawe, na miti imeivaa kama nguo. Wanapanda juu yake siku ya mapumziko kuangalia muji.

Karibu na Charleroi, mu Marcinelle, iko mgodi wa zamani unaitwa Bois du Cazier. Leo ni musée, na tangu 2012 UNESCO imeuandika mu urithi wa dunia. Lakini watu hawaendi pale juu ya UNESCO. Wanaenda juu ya tarehe 8 mwezi wa 8, 1956.

Asubuhi ile watu 275 walikuwa chini. Kwenye mita 975, wagon moja ya makaa haikuingia vizuri mu kaji. Kaji ikapanda mbele ya wakati, na wagon ikiwa imetokeza nje. Ikagonga chuma, ikakata nyaya za umeme, ikavunja bomba la mafuta na bomba la hewa. Cheche, mafuta, hewa: moto. Mu shimo kulikuwa mbao nyingi. Moshi ukashuka mu galeri zote. Watu 262 walikufa, 13 tu wakapona. Wanawake na watoto walisimama ku mlango wa chuma usiku na mchana, wiki mbili, mpaka waokoaji walipofika chini kabisa, zaidi ya mita 1 000, wakapanda na habari kama hakuna mzima tena.

Wafu wale walikuwa wa nchi 12. Waitaliano ni 136, Wabelgiji 95. Waitaliano walifika namna gani? Nyuma ya vita, Wabelgiji hawakupenda tena kushuka. Basi mu 1946 serkali mbili zikapatana: Italia itume watu 50 000, Ubelgiji iuzie Italia makaa. Watu kwa makaa. Walipanda treni na barua ya kontra, wengi hawakujua ni kazi ya chini ya udongo, wakalazwa mu kambi za wafungwa wa vita. Mama wa Kolwezi aliposikia, akasema: "Kumbe hata muzungu aliuzishwa."

Tuliona vile vyuma viwili virefu vya kushusha kaji, tukasimama ku mlango ule wa chuma. Mu chumba kimoja wameweka foto za wafu, sura moja moja, kijana na mzee. Inje, majina yote 262 yameandikwa juu ya marbre nyeupe iliyotoka Italia. Kila tarehe 8 mwezi wa 8 kengele inapigwa mara 262.

Tuliuliza juu ya haki. Wakatuambia: kesi ilifika mpaka 1961, na mtu mmoja tu wa wakubwa alihukumiwa, miezi 6 ambayo hakuilala mu gereza. Lakini msiba ule ulifungua macho ya serkali. Italia ikasimamisha kutuma watu. Mu 1957 nchi za makaa za Ulaya zikaweka komisyo moja ya kuangalia usalama wa migodi. Ubelgiji yenyewe ilifunga mgodi wake wa mwisho wa makaa mu 1992.

Tumewaelezea wagon ile kwa urefu kwa sababu moja. Haikuwa bomu wala tetemeko la nchi. Ilikuwa kosa la kusikilizana kati ya chini na juu, mashine ya zamani, bomba la mafuta kando ya umeme, na mbao fasi ambayo haikutakiwa mbao. Kila mmoja wetu anayeshuka, ao anayeingia mu galeri, ajiulize: kwetu wagon yetu ni nini? Ni ngazi gani imekatika, ni nguzo gani imeoza, ni signali gani tunazarau kila siku kwa sababu jana haikuua mtu?

Siku ya Posho: Tervuren

Siku ya Posho tulipanda tramu 44, inapita mu pori kubwa la miti mirefu, inafika Tervuren. Pale iko musée ya Afrika, nyumba ya 1910 ya mawe meupe na bustani ya mayi mbele yake. Waliifunga miaka mitano, wakaifungua tena mwisho wa 2018, wakisema sasa wanataka kueleza habari kwa njia mpya.

Ndani tuliona vitu vyetu. Mtumbwi mmoja wa urefu wa mita 22 na nusu, mti mmoja tu. Sanamu ya nkambo wa chef Lusinga wa Batabwa, iliyochukuliwa na askari wa Émile Storms mu 1884 upande wa Tanganyika. Misalaba ya mukuba, ile waliyotengeneza mafundi wetu mbele muzungu hajafika. Watoto wa masomo wa Kizungu waliiangalia. Baba wa Likasi akashindwa kujizuia, akawaambia kwa Kifaransa: "Hii, mababu yetu walikuwa wakiiyeyusha na udongo wa kichuguu na moto wa makala." Mwalimu wao akamwomba aendelee. Alifundisha dakika kumi, na mikono pia.

Na mawe! Malakite ya kijani, na yale mengine ya rangi zote, yamefungiwa mu vioo, taa juu yake. Sisi tunayajua yakiwa mu gunia, na mvumbi, na bei ambayo mnunuzi anakata apendavyo.

Kuna chumba cha kumbukumbu ambacho kimebaki kama zamani. Ukutani wameandika majina ya Wabelgiji 1 508 waliokufa Congo mu wakati wa Léopold. Mkongomani, hata mmoja hakuna. Lakini msanii wetu Freddy Tsimba wa Kinshasa alifanya neno la akili. Aliandika mu vioo vya madirisha majina ya Wakongomani saba. Jua likitoka, kivuli cha majina yale kinaanguka juu ya ukuta, juu ya majina ya wale 1 508. Hakuvunja, hakufuta. Aliita jua limsaidie.

Saba wale ni nani? Mu 1897 Léopold alifanya maonyesho pale Tervuren, akaleta Wakongomani 267. Waliwekwa mu vijiji vya kujengwa kando ya mayi, watu wakaja kuwaangalia. Kipindi kile kilikuwa cha mvua na baridi. Saba walikufa. Tulienda kuona makaburi yao, kando ya kanisa la Mtakatifu Yohana, ukuta wa nje. Ekia, Zao, Kitukwa, Mpeia na wenzao. Mama wa Kolwezi akatoa kitambaa cha kichwa, akakifunga tena vizuri, akapiga magoti. Tukasali Baba Yetu kwa Kiswahili, kwa sauti. Labda walikuwa hawasikie Kiswahili, lakini waliijua sauti ya kwao.

Siku ya Mungu: juu ya Atomium, chini ya Matonge

Siku ya mwisho, nyuma ya misa, tulienda Atomium. Mmeiona mu foto: mipira tisa mikubwa ya chuma inayong'aa, imeshikana na mabomba. Inapanda mita 102. Ni mfano wa chembe za chuma cha fer, zimekuzwa mara miliari 165. Waliijenga kwa Expo ya 1958, wakati dunia iliota kama atome italeta heri kwa kila mtu. Sisi wa Katanga tunajua kipande kingine cha hadisi ile: uranium ya bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Baba wa Likasi alikumbusha watu wa kundi letu neno hilo pale pale mu lifti, na lifti yote ikanyamaza.

Lifti ile ni ya mbio sana. "Mara ya kwanza," akasema mwenzetu mmoja, "ninaingia mu kaji na inapanda ku mwangaza." Juu, tuliona muji wote: paa, makanisa, miti. Muji ni mzuri, wandugu. Tusiseme uongo juu ya uchungu wa moyo. Mtu anaweza kupenda uzuri wa nyumba na palepale kuuliza nani alilipa matofali.

Mu Expo ile ile ya 1958, Wakongomani waliwekwa tena mu kijiji cha kuonyesha, wageni wakawatukana, wakawatupia ndizi. Mafundi wale hawakuvumilia: walifunga vitu vyao wakarudi nyumbani. Ni mgomo ule, hata kama hakuna aliyeuita vile. Na Wakongomani wengine wa masomo, waliokuja kutoka kila provinsi, walikutana kule mara ya kwanza, wakaanza kuzungumza. Miaka miwili nyuma, uhuru.

Jioni tulishuka Matonge, kata ya Wakongomani mu Ixelles, iliyoitwa jina la Matonge ya Kinshasa. Pale hatukuwa wageni. Harufu ya makayabu, sombe, chikwangue, muziki, vinyozi wanapigana maneno. Mama mmoja wa Lubumbashi, anayekaa kule tangu miaka mingi, alitupikia bukari ya kweli. Alituuliza habari za Kenya, za Katuba, za Kamalondo, kama vile alitoka jana. Alikataa franga yetu. "Mezeni tu, bandugu. Mu-Katanga hawezi kulipisha mu-Katanga bukari."

Ku mpaka wa Matonge, karibu na Porte de Namur, iko kiwanja kidogo kinaitwa Square Patrice Lumumba, kilifunguliwa tarehe 30 mwezi wa 6, 2018. Si kikubwa. Lakini jina la mtu aliyeuawa kwetu Shilatembo tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, na ambaye jino lake tu lilirudi mu 2022, leo limeandikwa mu njia ya muji ule. Halikuandikwa na huruma. Watu wa Matonge waliomba miaka mingi, wakarudi, wakaomba tena.

Neno tunaloleta

Wandugu, mu siku ine tuliona majina: 1 508 juu ya ukuta, 262 juu ya marbre, saba juu ya makaburi, moja juu ya kiwanja. Mtu aliyeandikwa jina, anaweza kudaiwa haki yake hata nyuma ya miaka mia. Mtu asiyeandikwa, anatolewa bure, kama shaba ya farasi.

Na kwetu? Mu mwezi wa 12 wa 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mshahara. Walipigwa risasi ku kiwanja cha mpira mu Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Jina ambalo wengi tunalijua ni moja: Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili yao. Wengine je? Na wale walioangukiwa na galeri juzi, creuseurs waliozikwa na udongo kabla ya maiti kuitwa jina, wale wa sous-traitance ambao kontra yao iliisha siku ileile ya ajali?

Kwa hiyo sisi wane tumeanza daftari. Si la serkali, si la kampuni. Ni kayé ya masomo, ya kurasa mia mbili, na tunaandika: jina, kijiji, kazi, fasi, tarehe, namna alivyokufa, watoto aliowaacha. Kila jina linasomwa mbele ya watu wawili wa familia ili tusikosee. Mpaka leo tuna majina 31, na kati yake 9 hayakuwa yameandikwa fasi yoyote.

Mama mjane, mtoto yatima, ndugu: usiogope, hatuulizi franga na hatuulizi chama. Leta jina la mtu wako kwa delege wa karibu nawe. Kama hajui kusoma yule aliyebaki, aje aseme tu, tutaandika. Na wewe delege unayesoma, weka ukurasa wa pili wa daftari kwa konji: nani ana haki ya siku ngapi, na nani hajapewa. Kwani wafu tunawaandika juu ya walio hai, ili Siku ya Posho ikifika baba arudi nyumbani na miguu yake mwenyewe, na siku moja apande treni na watoto wake, wabebe chakula, waende kuangalia tu muji.